Presha ya mama mkononi ni nzuri, upande wa kulia wa moyo imepanda: inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Pasua, Moshi. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Kibosho. Tangu mwaka jana anachoka sana akipandisha kutoka barabarani kwenda nyumbani, inabidi asimame njiani apumue, na jioni miguu inavimba. Presha yake mkononi ni 124/78, na kila akipimwa huwa hapohapo. Mwezi uliopita alifanyiwa kipimo cha eko, kile cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Majibu yanasema presha ya upande wa kulia wa moyo ni 57 na imepanda. Mstari mwingine unasema chumba cha juu cha kushoto kimetanuka. Tarehe ya kurudi kliniki bado wiki tatu. Jirani anasema 57 ni presha ya kushuka, mama aongeze chumvi. Kaka anasema mashine imekosea, kwa sababu moyo ni mmoja na damu ni ileile. Mimi nilitaka nimpe dawa za presha alizoacha marehemu baba. Nani yuko sahihi? Na sisi watoto wake tupimwe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kumuuguza mama. Nianze na lisilosubiri: mama asiongezewe chumvi, na dawa za marehemu ziwekwe kando, asipewe hata nusu kidonge. Sababu nitazitoa, maana zote zinatokana na jambo lilelile linalowachanganya ninyi watatu. Presha ya moyo haina namba moja. Kila chumba kina namba zake, na namba ikitajwa bila kusema ni ya chumba gani haimwambii mtu chochote. Hiyo 57, kama ingekuwa ndiyo presha ya juu ya mama mkononi, ningekwambia mkimbize hospitali saa hii hii. Kwa upande wa kulia wa moyo, 57 ni karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Jirani ameichukua namba ya chumba kimoja akaipima kwa kipimo cha chumba kingine.

Hoja ya kaka nayo isidharauliwe. Ni kweli moyo ni mmoja na damu ni ileile. Lakini ndani ya huo moyo mmoja kuna pampu mbili zinazochangia ukuta wa kati, na damu hupita kwanza kwenye moja, halafu kwenye nyingine. Damu iliyozunguka mwilini hurudi kwenye chumba cha juu cha kulia, ikashuka cha chini cha kulia, nacho kikaisukuma kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Kutoka mapafuni huingia chumba cha juu cha kushoto, ikashuka cha chini cha kushoto, na hicho ndicho kinachoisukuma kwenye aota, mshipa mkubwa kuliko yote, ili ifike kichwani, kwenye figo na hadi kwenye vidole vya miguu.

Sasa namba. Zote ni za mtu mzima aliyelala ametulia, na zinahesabiwa kwa milimita za zebaki, yaani kimo ambacho presha hiyo ingeweza kuinua zebaki kwenye mrija wa kioo. Chumba cha juu cha kulia kina presha ndogo kuliko vyote: kwa wastani 2 hadi 6. Cha chini cha kulia kikisukuma hufika 15 hadi 30, kikilegea hushuka hadi kati ya 0 na 8. Chumba cha juu cha kushoto huwa 6 hadi 12. Halafu unafika chumba cha chini cha kushoto na unakuta dunia nyingine kabisa: kikisukuma ni 100 hadi 140, kikilegea kinarudi chini hadi kati ya 3 na 12. Kwa hiyo upande wa kushoto husukuma kwa nguvu mara tano hivi ya upande wa kulia, na hiyo ndiyo afya, wala si ugonjwa.

Aliyewahi kupasua moyo wa mbuzi jikoni ameona ushahidi wake. Ukuta wa upande wa kushoto ni mnofu mnene, mgumu, kisu kinakaza. Wa kulia ni mwembamba na unajikunja vidoleni. Kwa binadamu ukuta wa chumba cha chini cha kushoto una unene wa milimita 6 hadi 10, wa kulia kwa kawaida hauzidi milimita 5. Msuli hunenepa kwa kadiri ya kazi unayopewa, na kazi za hawa wawili hazilingani.

Lakini hapa watu wengi huteleza wakadhani upande wenye presha kubwa husukuma damu nyingi zaidi. Sivyo. Kiasi ni kilekile pande zote mbili, lita 5 hivi kwa dakika mtu akiwa ametulia, na ni lazima kiwe kilekile. Fanya hesabu: moyo unapiga mara 70 kwa dakika, tuseme kila pigo upande wa kulia upeleke mililita 1 tu zaidi ya ule wa kushoto. Baada ya saa moja mapafu yangekuwa na lita 4 za ziada, na mtu hangekuwepo. Tofauti ya presha haitokani na wingi wa damu. Inatokana na ugumu wa njia iliyo mbele.

Njia ya mapafuni ni fupi, ina mishipa mingi, mipana na laini, na inapokea damu bila ubishi. Njia ya mwilini ni ndefu, na imejaa mishipa midogo yenye misuli inayokaza na kulegea ili kugawa damu: sasa utumbo, sasa miguu, sasa ngozi. Ukinzani wa mapafu ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa mwili, au pungufu. Na mapafu hayana budi kubaki hivyo, kwa sababu ukuta unaotenganisha hewa na damu mle ndani ni mwembamba kuliko hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ungeyapa mapafu presha ya 120, maji ya damu yangepenya ukuta huo, na mgonjwa angezama katika maji yake mwenyewe. Ndiyo maana kila kinachopandisha presha upande ule hutushtua hata kama namba yake inaonekana ndogo.

Nakuomba unifuate kwenye pigo moja, kwa sababu ukilielewa pigo moja majibu ya mama yatasomeka. Chukua mapigo 75 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.8. Chumba cha chini cha kushoto kimelegea, presha yake imeshuka hadi karibu 5. Juu yake, chumba cha juu cha kushoto kina 8 au 10. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuisukuma wazi vali iliyo kati yao, inayoitwa vali ya mitrali, na damu inashuka yenyewe. Vali hazina msuli wa kuzifungua, zinafuata tu upande wenye presha ndogo. Mwishoni chumba cha juu kinajikaza kidogo kumalizia. Sasa cha chini kinaanza kukaza. Mara presha yake inapopita ile ya juu, vali ya mitrali inajifunga. Kwa muda mfupi mno chumba kimefungwa pande zote, damu haina pa kwenda, na presha inaruka kutoka 10 kupita 40, kupita 60, hadi inapoishinda ile iliyoko kwenye aota, karibu 80. Hapo vali ya aota inafunguka, damu inatoka kwa kishindo, presha inapanda hadi 120 na ushee, kisha msuli unalegea na vali ya aota inajifunga. Upande wa kulia unafanya hivyohivyo kwa wakati uleule, ila mlango wa kwenda mapafuni unafunguka presha ikiwa 8 au 10 tu.

Hapo kuna jambo ambalo wagonjwa wangu huniuliza karibu kila siku. Kama chumba cha kushoto hushuka hadi 5, mbona presha ya chini mkononi ni 78? Kwa sababu aota na mishipa yake mikubwa ina mnepo. Ilitanuka ilipopokea damu, na vali ilipofungwa nyuma yake inaanza kujirudi taratibu, ikiendelea kusukuma damu wakati moyo umepumzika. Hiyo 78 ni presha iliyobaki kwenye mishipa muda mfupi kabla ya pigo linalofuata, haihusu kinachoendelea ndani ya chumba. Kwa hiyo kipimo cha mkononi kinakwambia mambo mawili tu: chumba cha chini cha kushoto kinasukuma kwa nguvu gani, na mishipa ya mwili imekaza kiasi gani. Tena hilo la kwanza ni kweli pale tu vali ya aota inapofunguka vizuri. Nimeona wazee ambao vali hiyo imekauka na kubana, chumba kinasukuma kwa 180, mkononi inasomeka 120. Habari za upande wa kulia mkono hauna kabisa. Mama anaweza kupimwa 124/78 kila asubuhi kwa mwaka mzima na mashine ikawa ya kweli kila siku, huku upande wa kulia unahangaika.

Basi ile 57 ilipatikana wapi? Mwulize mama, atakumbuka. Alilazwa kwa ubavu wa kushoto, akapakwa jeli ya baridi kifuani, mpimaji akawa anasogeza kifaa chini ya titi, na wakati fulani akambonyeza nacho karibu na chembe ya moyo akamwambia avute hewa puani kwa nguvu. Hakuna sindano iliyoingia moyoni. Kilichofanyika ni hesabu. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia huvuja kidogo kwa watu wengi, na damu inayovuja hurudi nyuma kwa kasi inayotegemea tofauti ya presha kati ya chini na juu. Eko hupima kasi hiyo. Tuseme ni mita 3.5 kwa sekunde. Unaizidisha kwa yenyewe, unapata 12.25, unazidisha mara 4, unapata 49. Hiyo ndiyo tofauti ya presha kati ya vyumba viwili vya kulia. Unaongeza presha ya chumba cha juu, ambayo hukadiriwa kwa kuangalia mshipa mkubwa unaopanda kutoka tumboni nyuma ya ini. Mtu akivuta hewa puani, mshipa wenye upana usiozidi sentimita 2.1 ukasinyaa zaidi ya nusu, unaongeza 3. Ukiwa mpana na hausinyai, unaongeza 15. Ukiwa katikati, 8. Ongeza 8 kwenye 49 na umepata 57. Sina karatasi ya mama mbele yangu, ila namba yake imetoka kwenye hesabu ya aina hii.

Kwa hiyo kaka ana haki ya kuuliza kuhusu makosa. Makadirio ya eko yanaweza kupishana na hali halisi kwa 10 au zaidi, juu au chini. Lakini kwa watu wazima hesabu hii kwa kawaida haizidi 35, labda 40 kwa wazee. Kutoka 35 hadi 57 ni mbali, na mama ana pumzi fupi, ana miguu inayovimba, ana chumba kilichotanuka. Mashine ingesema peke yake ningeyumba. Lakini mashine na mwili vimesema neno moja.

Penye shaka kubwa hupimwa moja kwa moja, kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni. Mtu wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo kwa binadamu hai alijifanyia mwenyewe: Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde. Alipitisha mrija kwenye mshipa wa mkono wake hadi chumba cha juu cha kulia, kisha akatembea kwenda kwenye chumba cha eksirei kuthibitisha ulipofika. Mwaka 1956 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, waliouendeleza mrija huo huko Marekani hadi ukawa chombo cha kupimia presha na wingi wa damu katika moyo wa mgonjwa. Namba nilizokutajia za kila chumba tunazijua kwa kazi iliyoanzia hapo. Mama huenda asihitaji kipimo hicho. Itategemea eko inasema nini kuhusu upande wa kushoto.

Na huko ndiko ninakotaka utazame, kwa sababu mstari wa karatasi ulioutaja mwishoni, kwangu mimi ndio mzito. Chumba cha juu cha kushoto kimetanuka. Chumba hakitanuki bila sababu. Kimekuwa kikibeba presha kubwa kwa muda mrefu, na presha hiyo hurudi nyuma. Wewe ni mtu wa huku, umeona mfongo unaoteremsha maji kutoka mlimani. Mlango wa shamba la chini ukikwama, maji hayajai pale mlangoni tu, yanapanda kurudi nyuma hadi kwa jirani wa juu. Damu ya chumba cha juu cha kushoto imetoka mapafuni. Chumba kikipanda kutoka 10 hadi 20 au 25, mishipa ya mapafu haina budi kupanda nayo, na chumba cha chini cha kulia, ambacho hakikujengwa kwa mizigo, kinalazimika kusukuma dhidi ya presha hiyo. Hapo ndipo 57 inapozaliwa. Kisha chumba cha kulia kinachoka, kinatanuka, presha ya chumba cha juu cha kulia inapanda kutoka 4 hadi 12 au 15, damu inakawia kurudi kutoka miguuni, na jioni vifundo vya miguu vinavimba. Unaona namna dalili zote za mama zinavyofuatana mstari mmoja, zikianzia kushoto na kuishia miguuni.

Daktari mwenye macho huweza kuiona hatua hiyo ya mwisho bila mashine. Mgonjwa anaegemezwa kitandani, kichwa na kifua vikiinuliwa kiasi, anageuza uso kidogo kushoto, na unatazama mshipa wa shingo upande wa kulia. Mshipa huo umeungana moja kwa moja na chumba cha juu cha kulia bila kizuizi cha maana katikati, hivyo kimo ambacho damu inasimama shingoni ni presha ya chumba chenyewe. Milimita moja ya zebaki ni sawa na milimita 13.6 za maji. Presha ya 5 ni kama sentimita 7, mshipa hauonekani au unaonekana kidogo sana juu ya mfupa wa bega. Presha ya 15 ni sentimita 20, na unaukuta mshipa umesimama hadi karibu na sikio. Ninawafundisha vijana wetu wa udaktari kutazama shingo kabla ya kugusa mashine yoyote.

Nini kimeziba kushoto? Kwa mama wa umri huu, katika mazingira yetu, nafikiria mambo mawili kwanza. Moja ni vali ya mitrali iliyobana kwa sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria aina ya streptokoki, halipati tiba, mwili ukipigana na bakteria unajikuta unashambulia vali zake wenyewe, na makovu yanaendelea kukaza kwa miaka mingi. Vali nzima ina uwazi wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikibaki 1.5 au chini ya hapo tunasema imebana sana, na damu haishuki tena kwa tofauti ya milimita mbili tatu, inadai 5 hadi 10, pengine zaidi. Ugonjwa huu huwapata wanawake zaidi, na wengi hawakumbuki kabisa kuwa waliwahi kuugua koo. La pili ni chumba cha chini cha kushoto kuwa kigumu. Kinasukuma vizuri, presha ya mkono inaweza hata kuwa nzuri, lakini hakilegei. Badala ya kupokea damu kwa presha ya 8 kinadai 20. Presha ya miaka mingi, kisukari na uzito hukifikisha huko, na mara nyingi mtu huwa ametibiwa presha vizuri lakini ukuta ulishanenepa zamani. Mwulize mama kama aliwahi kuambiwa ana presha hata mara moja, labda wakati wa ujauzito.

Kuna sababu zisizoanzia kushoto: damu iliyoganda mguuni ikakatika na kuziba mapafu, selimundu, kichocho cha tumbo, virusi vya Ukimwi, tundu la moyo la kuzaliwa nalo. Hizo zitaulizwa kliniki. Ila mapafu yenyewe nitayasemea, kwa kuwa tunaishi chini ya mlima. Mishipa ya mapafu ina tabia tofauti na mishipa ya mwili: ikikosa oksijeni inakaza, haitanuki. Ni mpango mzuri pale kipande kimoja cha pafu kikiwa kibovu, maana damu inapelekwa penye hewa. Lakini mtu akipanda haraka hadi kambi ya Kibo, takriban mita 4,700, na kuendelea kwenda kileleni kwenye mita 5,895, pafu zima linakosa oksijeni kwa pamoja, mishipa yote inakaza, presha ya upande wa kulia inaruka, na kwa baadhi ya watu maji yanavuja mapafuni. Wapagazi na waongozaji wanamjua mgeni wa namna hiyo: anakohoa, anahema hata akiwa amekaa. Presha yake ya mkononi inaweza isikuonyeshe kitu. Tiba yake ya kwanza ni kumshusha, na kumpa oksijeni kama ipo. Kibosho si juu kiasi hicho, mama hadhuriki na mwinuko wa kwao. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, au yenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, hukosa oksijeni hata ukiwa mjini. Kama moja ya hayo limempata, lisemwe kliniki, kwa sababu presha ya kulia inaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja.

Sasa urudi kwenye yale makatazo. Chumvi hushika maji mwilini, na maji hayo huongeza damu inayorudi kwenye chumba cha kulia ambacho tayari kimelemewa. Kwa ushauri wa jirani, miguu ingevimba zaidi ndani ya siku chache na pumzi ingefupika. Punguzeni chumvi ya mezani, vidonge vya kuungia mchuzi, na magadi kwenye makande na maharage, kwa sababu magadi nayo yana sodiamu. Dawa za marehemu hazijui zinapelekwa upande gani. Nyingi hulegeza mishipa ya mwili, zikashusha presha ya mkono ambayo kwa mama haina tatizo. Akibaki na 90 mkononi, na mlango wa kushoto umebana, atapata kizunguzungu na anaweza kuanguka. Baadhi yake, kama amlodipini, huvimbisha miguu zenyewe, na daktari atakayemwona atashindwa kujua uvimbe umetoka wapi. Tena kama mama anaumwa magoti, akae mbali na diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa. Zinashika maji na kuumiza figo. Kama kliniki ilimpa vidonge vya kupunguza maji, avinywe kama alivyoandikiwa.

Wiki tatu ni sawa ikiwa hali yake inabaki kama ulivyoieleza. Mpime uzito kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, muandike kwenye daftari. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, msisubiri tarehe. Msisubiri pia akishindwa kulala chali, akiamka usiku akitafuta hewa dirishani, akizimia, midomo ikigeuka rangi, akikohoa povu lenye wekundu, moyo ukianza kwenda mbio ovyo bila mpangilio, au mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwingine. Hilo la moyo kwenda ovyo huja kwa urahisi pale chumba cha juu cha kushoto kilipotanuka, na damu huweza kuganda humo ikapanda kichwani. Mgonjwa wa hivyo hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuiwahi ni kuuwahi ubongo.

Siku ya kliniki nenda naye wewe, na mbebe karatasi ya eko yenyewe, msiende na maneno ya kukumbuka. Muulizeni daktari: vali ya mitrali ina uwazi wa sentimita ngapi za mraba? Chumba cha chini cha kushoto kinalegea vizuri? Chumba cha chini cha kulia kinasukuma sawasawa au kimechoka? Mapigo yana mpangilio? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua njia. Kama ni vali, kuna kuitanua kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, kuna upasuaji, na kuna wanaokaa vizuri kwa dawa. Kama ni ugumu wa chumba, kazi ni kupunguza maji, kushika presha na sukari, na kutibu mapigo. Katika njia zote mbili, kushoto kukitulia, ile 57 ya kulia mara nyingi hushuka yenyewe bila dawa yake maalumu.

Kuhusu ninyi watoto: vali iliyobana kwa homa ya rumatiki hamrithi, na sioni sababu ya kuwapeleka wote kwenye eko sasa. Pimeni presha ya mkono na sukari, hasa kaka yako kama ameshapita miaka 40. Likibainika tundu la kuzaliwa nalo, au presha ya mapafu isiyopatikana sababu, nitabadili jibu hili. Wajukuu nawataja kando. Mtoto anayelalamika koo na homa bila mafua apelekwe aangaliwe, na akiandikiwa penisilini aimalize dozi hata kama koo limepona siku ya tatu.